Fomula iliyolala: kukamata kosa la mipangilio kabla halijafika kazini

Masika yakishika, ofisi nyingi za utalii mjini Arusha hupumua. Magari yanapelekwa gereji, madereva wengine wanakwenda kwao kulima, na hiyo ndiyo wiki ambayo meneja hukumbuka kwamba viwango vya posho vya msimu wa juu havijabadilishwa kwenye mfumo. Mtu wa IT anaitwa. Anafungua faili la mipangilio na kuongeza mistari mitatu:

```
kanuni: posho_msimu_wa_juu
sharti: mwezi >= 6 na mwezi <= 10
posho: usiku * kiwango + usiku_wa_kmbi * ziada
```

Anahifadhi, anauwasha mfumo upya, unawaka bila shida. Anafunga safari moja ya majaribio, posho inatoka sawasawa. Kazi imekwisha.

Rudi kwenye mstari wa tatu. Kambi imeandikwa `kmbi`. Mfumo haukulalamika, na hautalalamika Aprili wala Mei. Sharti linasema Juni hadi Oktoba, kwa hiyo mpaka Juni hakuna kinachoigusa fomula iliyo chini yake. Ile safari ya majaribio ilipita kwenye kanuni ya msimu wa chini. Safari ya kwanza ya Juni itakapofungwa, pengine Jumamosi jioni, dereva ameshashusha wageni hotelini na anasubiri pesa iingie kwenye simu, ndipo mfumo utakaposema haujui `usiku_wa_kmbi` ni kitu gani. Aliyeandika ameshasahau. Mhasibu anatazama ujumbe wa kosa wa kurasa mbili asiouelewa. Dereva anachojua ni kimoja tu, hajalipwa.

Mfano ni wa kutunga, na neno `na` nimeliweka kwa Kiswahili ili lisomeke. Ila kosa la aina hii liko kila penye mfumo unaoruhusu masharti na fomula kuandikwa nje ya programu yenyewe: bei, kodi, ruhusa za watumiaji, ratiba, tahadhari za seva. Tunaviita mipangilio, na kwa sababu ya jina hilo tunavichukulia kama vitu vya kujaza tu, kama fomu. Fomula ni programu. Ni fupi, imekaa mahali pasipo na majaribio, na mara nyingi mwenye kuihariri ni mtu ambaye hatujamwambia kwamba anaandika programu.

Kwa nini mfumo haukusema kitu

Programu inapowaka, husoma faili la mipangilio kama maandishi. Inaona jina, nukta mbili, na thamani. Thamani ya `posho` kwake ni mfululizo wa herufi, sawa na jina la kampuni au anwani ya barua pepe. Haiifungui ndani. Kuifungua, yaani kuigawa katika majina, namba na alama, kisha kutafuta kila jina lina thamani gani, hufanyika pale tu jibu linapohitajika. Lugha nyingi za programu zinazotumika kwa kazi hizi ziko hivyo, na Python ni mojawapo: jina lisilojulikana halimsumbui mtu mpaka mstari wake ufikiwe.

Kwa hiyo kuna pengo kati ya siku fomula ilipoandikwa na siku itakapoulizwa. Pengo likiwa dakika tano, mwandishi bado yupo mezani na anakumbuka alichogusa. Likiwa miezi miwili, gharama imehama kutoka kwake kwenda kwa mtu asiyehusika. Kazi yote ya uhakiki wa mapema ni kulifupisha pengo hilo, na hakuna dereva wa Arusha anayehitaji kufafanuliwa jambo hili: tairi la akiba linakaguliwa mjini, halisubiri Seronera, katikati ya Serengeti.

Kinachofanya uhakiki uwezekane ni kwamba huhitaji kuijua thamani ya kigeu, yaani jina linalobeba thamani ndani ya fomula, ili ujue kama kigeu chenyewe kipo. Sijui safari ya Juni itakuwa na usiku mngapi wa kambi, lakini leo hii ninayo orodha ya majina yote ambayo mfumo utaweza kuyatoa siku hiyo: `mwezi`, `usiku`, `usiku_wa_kambi`, `kiwango`, `ziada`, `abiria`, `umri`. Basi programu ndogo ya uhakiki, niiite kihakiki, huichukua kila fomula, huivunja vipande bila kuikokotoa, hukusanya majina yaliyomo, na kuyalinganisha na orodha. `usiku_wa_kmbi` haimo. Kosa limeonekana Aprili.

Kwa mwenye kutumia Python, nyenzo zimo ndani ya lugha. Moduli ya `ast` huugeuza mstari wa fomula kuwa mti wa vipande, nawe unautembea tawi kwa tawi. Moduli ya `difflib` hutafuta jina la karibu zaidi, ili ujumbe uwe hivi: “Mstari wa 14: `usiku_wa_kmbi` haijulikani. Je, ulikusudia `usiku_wa_kambi`?” Usidharau ujumbe huo. Kihakiki kinachosema “faili lina kosa” na kunyamaza kitazimwa na watumiaji wake kabla mwezi haujaisha. Kitaje mstari, kitaje jina, na kitoe makosa yote kwa mkupuo mmoja. Hakuna kinachochosha kama kurekebisha kosa moja, kuendesha tena, na kukutana na la pili lililokuwa palepale tangu mwanzo.

Kuutembea mti huo kuna faida nyingine. Wengi hukokotoa fomula za mipangilio kwa `eval` ya Python, ambayo itatekeleza chochote ilichopewa, pamoja na amri ya kufuta mafaili. Ukiruhusu aina chache tu za vipande (namba, majina yaliyo kwenye orodha, kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, kulinganisha) na kukataa kingine chote, umeziba na mlango huo.

Namba ambayo si namba

Kuna makosa yanayoingia kabla fomula haijafikiwa, wakati faili lenyewe linasomwa. Muundo wa faili unaopendwa siku hizi ni YAML, kwa sababu unasomeka kwa macho. Unasomeka, ndiyo, lakini toleo lake la 1.1 lina tabia ya kumkisia mwandishi alikusudia nini, na maktaba kadhaa zinazotumika sana, yaani programu za kusomea mafaili hayo, bado zinalifuata ingawa toleo la 1.2 lilitoka mwaka 2009. PyYAML, ile ya Python, ni mfano.

Andika muda wa basi la kwenda Dar kuwa `18:30` bila alama za kunukuu, utapata 1110. Toleo la 1.1 linaziona namba zenye nukta mbili katikati kama hesabu za msingi wa sitini: 18 mara 60, jumlisha 30. Andika `06:30`, itabaki maandishi kama ulivyotaka, kwa kuwa inaanza na sifuri. Yaani basi la asubuhi liko sawa na la jioni limeharibika, jambo linalomfanya mtu adhani tatizo liko kwenye kampuni ya basi. Namba ya simu inayoanza na sifuri nayo, ikitokea tarakimu zake zote ziko kati ya 0 na 7, husomwa kwa msingi wa nane na kugeuka namba nyingine kabisa. Ikiwa na 8 au 9 popote, inasalimika. Na kampuni ya utalii inayoweka orodha ya nchi za wageni kwa vifupisho, DE, FR, NO, itagundua kwamba wageni wa Norwei wamegeuka “si kweli”, maana NO inasomwa kama hapana.

Tiba ni kuweka alama za kunukuu, lakini huwezi kutegemea kila mtu akumbuke. Ndiyo maana kuna skima: faili la pembeni linalosema kila uga, yaani kila nafasi ya kujazwa, uwe wa aina gani. Muda lazima uwe maandishi yenye tarakimu mbili, nukta mbili, tarakimu mbili. Posho lazima iwe namba. JSON Schema ndiyo inayojulikana zaidi, na licha ya jina lake inahakiki hata faili la YAML likishasomwa. Ile 1110 inagonga ukuta papo hapo, kwa kuwa si maandishi.

Kosa la aina hii ninaloliona la kwetu zaidi ni koma ya maelfu. Mhasibu anaandika `kiwango: 45,000` kama anavyoandika kwenye risiti. Kwa YAML hiyo si namba, ni maandishi. Kisha fomula inasema `usiku * kiwango`, na usiku ni 3. Lugha ya JavaScript itajibu kwamba jibu si namba. Python itafanya jambo la ajabu zaidi: itayarudia maandishi mara tatu na kukupa `45,00045,00045,000`, bila kosa lolote. Hicho kitu kinaweza kufika hadi kwenye hati ya malipo. Kihakiki kinachojua kwamba `kiwango` ni namba kinalimaliza suala hilo kwa mstari mmoja.

Sarafu ni jambo gumu zaidi. Ofisi nyingi zina hesabu za dola na za shilingi kwenye mfumo mmoja, na 45 ni namba halali kama 45000 ilivyo. Skima inaweza kuweka mipaka, kwamba posho ya usiku mmoja haishuki chini ya kiwango fulani cha shilingi, lakini mimi napendelea jina la uga liseme lenyewe: `kiwango_tzs`, `ada_usd`. Hapo kihakiki kinaweza kukataa fomula yoyote inayojumlisha `_tzs` na `_usd` bila kupitia `kiwango_cha_kubadili`.

Fomula iliyo sahihi na isiyofaa

Sasa tuje kwenye makosa ambayo majina yote ni sahihi, aina zote ni sahihi, na bado hesabu ni mbovu. Tazama sharti hili la msimu wa sikukuu:

```
sharti: mwezi >= 12 na mwezi <= 2
```

Aliyeandika alikusudia Desemba hadi Februari. Lakini hakuna mwezi ambao ni 12 au zaidi na wakati huohuo ni 2 au pungufu. Sharti hili halitatimia kamwe. Hakutakuwa na ujumbe wa kosa, si Desemba wala lini. Wageni wa Krismasi watatozwa bei ya kawaida, na kampuni itakuja kujua wakati wa kufunga mahesabu, kama itajua. Neno lililohitajika ni `au`.

Au masharti ya umri: mtoto wa chini ya miaka mitano bure, `umri < 5`; mtoto mkubwa nusu bei, `umri > 5 na umri < 16`; mtu mzima, `umri >= 16`. Mtoto aliyetimiza mitano juzi hana kundi.

Hapa wengi hukata tamaa na kusema kihakiki hakiwezi kusoma mawazo ya mtu. Kweli hakiwezi. Lakini kinaweza kujaribu thamani zote, kwa sababu katika biashara halisi thamani ni chache mno kuliko tunavyodhani. Miezi ni 12. Umri, tuseme kutoka 0 hadi 80, ni thamani 81. Abiria wa gari moja la safari ni 1 hadi 7. Zidisha: 12 mara 81 mara 7 ni 6,804. Kompyuta ya ofisini inakokotoa fomula fupi mara elfu sita na mia nane kabla hujainua kikombe. Kisha unakiuliza kihakiki maswali mawili: je, kuna kanuni ambayo haikutimia hata mara moja? Je, kuna mchanganyiko ambao haukupata kanuni, au umepata kanuni mbili zinazogombana? Swali la kwanza linalinasa sharti la Desemba. La pili linamnasa mtoto wa miaka mitano.

Nilisema abiria 1 hadi 7, na hapo pana mtego. Gari hutoka Arusha tupu kwenda kuwapokea wageni waliotua kwa ndege ndogo Seronera. Abiria ni 0, na fomula inayogawanya gharama ya gari kwa abiria inakufa kwa kugawanya kwa sifuri. Orodha ya thamani za kujaribu lazima itoke kwa mtu anayeyapanga magari. Mwandika programu aliyekaa ofisini hawezi kuibuni mwenyewe.

Masharti yakiwa mengi kupita kiasi, kujaribu yote hakuwezekani, na hapo zinafaa lugha zilizoundwa mahsusi kwa kazi hii. CEL, lugha ndogo ya masharti ya Google, ni mfano mzuri. Imebanwa kwa makusudi: haina vitanzi (marudio) visivyo na mwisho, na hatua ya kukagua majina na aina imetenganishwa na hatua ya kukokotoa, kiasi kwamba fomula mbovu hukataliwa kabla haijapewa data yoyote. Kubernetes, mfumo wa kusimamia programu kwenye seva nyingi, inaitumia kuhakiki maelezo ya vitu unavyouomba uendeshe. Ukiandika kanuni yenye kosa, inakataliwa pale unapoiwasilisha. Hata kanuni iliyo sahihi, ikikadiriwa kuwa itakula muda mwingi mno, inarudishwa.

Hilo la muda si la kupita juu juu. Tarehe 2 Julai 2019, Cloudflare, kampuni inayosimama mbele ya tovuti nyingi duniani, ilisambaza kanuni mpya ya usalama iliyokuwa na ruwaza ya kutafutia maandishi. Ruwaza ilikuwa halali kisarufi. Tatizo ni kwamba ilikuwa na vipande viwili vya “chochote, mara yoyote” vilivyofuatana, na mashine ilipokosa kinacholingana ilirudi nyuma na kujaribu kila mgawanyo uliowezekana. Vichakato vilijaa, na tovuti nyingi zilikuwa chini kwa dakika 27. Baadaye kampuni ilieleza kwamba ingehamia injini za ruwaza zenye dhamana ya muda.

Kihakiki nacho kinaweza kudanganya

Tukio la kuogopesha zaidi kwa mtu wa fani hii ni la 19 Julai 2024. Sasisho la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, lilizima kompyuta za Windows takriban milioni 8.5, kwa makadirio ya Microsoft, na viwanja vya ndege, hospitali na benki zikakwama. Kilichosambazwa hakikuwa programu mpya. Kilikuwa faili la mipangilio, na kihakiki walikuwa nacho. Kililipitisha.

Aina ile ya kanuni ilikuwa imetangazwa kuwa na uga 21 za kulinganisha. Programu iliyokuwa kwenye kompyuta za wateja ilileta thamani 20. Kwa miezi kadhaa haikuonekana, kwa kuwa kanuni za awali zilisema kwenye uga wa 21 “chochote kile”, na hivyo hapakuwa na haja ya kuutazama. Ya Julai ndiyo iliyoutaka kwa mara ya kwanza. Programu ikanyoosha mkono kuchukua kitu kisichokuwepo, ikaanguka, na kwa kuwa inafanya kazi ndani kabisa ya mfumo wa kompyuta, ikaangusha kompyuta nzima. Kihakiki chao kilikuwa kikihesabu 21, kwa sababu ndivyo tangazo lilivyosema.

Ni fomula iliyolala, kwa kiwango cha dunia. Na inaonyesha mahali ambapo miradi mingi midogo pia hukosea: orodha ya majina halali imeandikwa mara mbili, mara moja ndani ya kihakiki na mara nyingine ndani ya programu. Siku mtu akibadili upande mmoja, kihakiki kinaanza kuthibitisha ulimwengu ambao haupo. Orodha iwe moja, nayo itoke kwenye msimbo uleule unaotoa thamani wakati wa kazi. Na kichanganuzi, yaani programu inayolisoma na kulivunja faili, kiwe kilekile. Usihakiki YAML kwa maktaba moja na kuisoma kwa nyingine, utarudi kwenye basi la 18:30.

Kuhusu wakati wa kuhakiki, programu za zamani za seva zina adabu inayofaa kuigwa. `visudo` hukagua sarufi kabla ya kuhifadhi faili la ruhusa, maana faili hilo likiharibika unaweza kujifungia nje ya mashine yako mwenyewe. `nginx -t`, amri ya programu ya seva ya tovuti iitwayo nginx, husoma mipangilio yote na kutoa jibu bila kugusa seva inayofanya kazi; na hata ukiiambia nginx isome mipangilio upya ikakuta kosa, inaendelea na ile ya zamani. Hiyo ndiyo kanuni ninayoifuata: mfumo unaowashwa kwa mara ya kwanza na mipangilio mibovu ukatae kuwaka, kwa sauti kubwa, mfumo ulio kazini ukipewa mipangilio mibovu uikatae mipangilio na kuendelea na kazi. Wanaofanya kinyume chake, kuwaka hivyohivyo na kuandika onyo kwenye kumbukumbu za seva ambazo hakuna anayezisoma, wamejenga mazingira ya Aprili.

Linabaki kundi ambalo hakuna kihakiki kitakachoweza kulinasa. Meneja anasema ripoti itumwe kila siku saa mbili. Kijana anaandika `0 2 * * *` kwenye ratiba ya cron, programu ya seva ya kuendesha kazi kwa saa zilizopangwa. Namba 2 ni saa halali, sarufi haina dosari. Ripoti inatoka saa nane usiku. Kama seva iko nje na inafuata saa za UTC (saa za kimataifa), ambazo ziko nyuma yetu kwa saa tatu, inatoka saa kumi na moja alfajiri, na hapo hata mwenyewe hawezi kueleza imetokeaje. Kinachosaidia ni kuonyesha maana badala ya kuhukumu. `systemd-analyze calendar` hufanya hivyo kwenye Linux: unaipa usemi wa ratiba kwa mtindo wa systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, inakuandikia lini hasa kazi itaendeshwa. Mfumo wa ofisi unaweza kuandika kabla ya kitufe cha kuhifadhi: “Itatumwa kesho Jumatano, saa nane usiku, saa za Afrika Mashariki.” Meneja atakataa mwenyewe.

Bei na posho nazo ziwe hivyo. Kabla kanuni mpya haijakubaliwa, mfumo utoe jedwali la safari tatu au nne zinazojulikana na kila mtu pale ofisini, Machame siku saba, Serengeti na Ngorongoro siku nne, gari tupu la kupokea wageni, kiasi cha zamani upande mmoja na kipya upande mwingine. Mhasibu aliyekaa miaka kwenye kazi hiyo hahitaji kusoma fomula. Atapitisha kidole kwenye jedwali na kuuliza mbona Desemba haikupanda.

Na kama mfumo wako ni wa zamani na hauna hata kimoja kati ya haya, anza na kihakiki cha majina tu. Kiendeshe juu ya faili lililopo leo, lile ambalo kila mtu anaapa kwamba linafanya kazi. Kuwa tayari kukuta fomula zinazotaja vigeu vilivyofutwa zamani, chini ya masharti ambayo hakuna anayekumbuka yaliwekwa kwa nini. Usizirekebishe kwanza. Muulize meneja kama kanuni hiyo bado inatumika. Nyingi zitafutwa, na zitakazobaki ndizo za kuandikia majaribio.